Ofisi ikipungua, faida inakwenda kwa nani?

KAMPUNI inapotangaza kwamba wafanyakazi wake watafanyia kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, wenye hisa huwa na maswali mawili. La kwanza ni iwapo kazi itafanyika kweli. La pili ni nani atakayebaki na fedha zitakazookolewa kwenye kodi ya pango: kampuni, mfanyakazi au mteja.

Maswali hayo hayawahusu wenye hisa peke yao. Mwenye jengo, mama lishe anayeuza chakula kando ya jengo hilo, mwenye duka la karatasi na wino wa mashine, na hata mwenye daladala, wote wanakula kutokana na ofisi. Siku ofisi inapobaki nusu tupu, hesabu za watu hao hubadilika kabla ya zile za kampuni yenyewe.

Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, yamesemwa mengi kuhusu mustakabali wa ofisi, na mengi yamesemwa bila tarakimu. Hata hivyo, zipo kampuni chache zilizopima jambo hili kwa makini, na ipo moja iliyopoteza mabilioni ya fedha za wawekezaji kwa kutopima. Mifano hiyo inamfaa mwekezaji mdogo kuliko ubishi wa vijiweni.

Jaribio la Shanghai

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Shanghai, China. Kampuni ya Ctrip, ambayo sasa inaitwa Trip.com Group, ilianzishwa mwaka 1999 kuuza tiketi za ndege na kukodishia wasafiri vyumba vya hoteli. Hisa zake ziliingia katika soko la NASDAQ la Marekani mwaka 2003. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 16,000 na vituo vikubwa vya kupokea simu za wateja.

Kampuni ilikuwa na matatizo mawili. Kodi ya pango katika jiji hilo ilikuwa ikipanda kwa kasi. Aidha, wapokea simu walikuwa wakiacha kazi kwa kiwango cha takriban asilimia 50 kwa mwaka, maana yake katika kila wawili walioajiriwa mmoja alikuwa anaondoka. Kila anayeondoka huacha gharama ya kutangaza nafasi, kusaili, kufundisha mgeni na kuvumilia makosa yake ya miezi ya mwanzo.

Mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, James Liang, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Akishirikiana na Profesa Nicholas Bloom na wenzao, aliamua kupima badala ya kukisia.

Wafanyakazi 996 wa idara za ndege na hoteli waliulizwa kama wangependa kufanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano za wiki. Waliokubali walikuwa 503, yaani karibu nusu tu. Kati yao, 249 ndio waliotimiza masharti: kuwa kazini angalau miezi sita, kuwa na intaneti ya kasi nyumbani, na kuwa na chumba cha kufanyia kazi bila bughudha. Waliozaliwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili walipelekwa nyumbani, na waliobaki waliendelea ofisini ili iwepo njia ya kulinganisha. Zamu, mitambo na utaratibu wa malipo vilikuwa vilevile kwa makundi yote mawili. Jaribio lilichukua miezi tisa.

Tarakimu zilisema nini

Tija ya waliokuwa nyumbani ilipanda kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani asilimia tisa, ilitokana na kukaa kwenye simu kwa dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa sababu mapumziko na siku za ugonjwa vilipungua. Asilimia nne zilizobaki zilitokana na kuhudumia simu nyingi zaidi kwa dakika, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na utulivu kuliko ofisini.

Kiwango cha kuacha kazi kilipungua kwa nusu. Kampuni ilikadiria kuokoa takriban dola 2,000 za Marekani kwa mwaka kwa kila mfanyakazi aliyehamia nyumbani, ukijumlisha pango, tija na gharama za kuajiri upya.

Mtu aliyeishia hapo angedhani jibu limepatikana: ofisi zifungwe. Lakini miezi tisa ilipokwisha na wafanyakazi wakaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu yao walibadili msimamo. Wengi wa waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, na sababu kubwa waliyotaja ni upweke. Walikuwa pia na sababu ya kuhofia kipato chao cha baadaye. Takwimu za kampuni zilionyesha kwamba, ukilinganisha watu wenye ufanisi sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Bosi hupandisha anayemwona.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni lililofuata. Baada ya kila mtu kuchagua mahali panapomfaa, faida ya kufanyia kazi nyumbani ilipanda kutoka asilimia 13 hadi karibu asilimia 22. Waliokuwa hawafanyi vizuri nyumbani ndio waliorudi ofisini, na waliokuwa wakifanya vizuri ndio waliobaki. Uhuru wa kuchagua, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa hisani ya mwajiri kwa mfanyakazi, uliongeza tija ya kampuni.

Chennai yatoa jibu tofauti

Mwekezaji asikimbilie kununua hisa kwa sababu ya Shanghai peke yake. Huko Chennai, India, wachumi David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde waliajiri watu wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kisha wakawagawa kwa bahati nasibu: baadhi ofisini, baadhi nyumbani. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2023, yanaonyesha kwamba wa nyumbani walikuwa na tija ya chini kwa asilimia 18.

Theluthi mbili ya pengo hilo ilionekana tangu siku ya kwanza. Iliyobaki ilijengeka polepole, kwa sababu wa ofisini walikuwa wakijifunza kazi haraka zaidi. Aidha, waliopenda zaidi kukaa nyumbani ndio walioathirika zaidi walipokaa huko.

Kwa nini majibu mawili tofauti? Wa Shanghai walikuwa wazoefu wa kazi, wakati wa Chennai walikuwa wageni. Kabla ya kuruhusiwa, wa Shanghai walitakiwa kuwa na chumba na intaneti ya kasi. Kilichotenganisha matokeo ni mtu gani amepelekwa nyumbani, kwa kazi gani, na akiwa na vifaa gani. Karani mpya anayejifunza kazi kwa kumtazama mwenzake wa meza ya pili hawezi kufundishwa kwa simu.

Njia ya kati

Kampuni ileile ya Shanghai ilirudia kupima mwaka 2021 na 2022, safari hii kwa wasomi 1,612 wa idara za uhandisi, masoko na fedha. Kundi moja liliruhusiwa kukaa nyumbani siku mbili tu kwa wiki, Jumatano na Ijumaa. Kundi jingine lilikwenda ofisini siku zote tano. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024.

Kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja. Waliofaidika zaidi walikuwa wanawake, wafanyakazi wasio mameneja, na wanaokaa mbali na ofisi. Kuhusu ufanisi, tathmini zao za kazi na kupandishwa vyeo kwao kwa muda wa miaka miwili havikuonyesha tofauti yoyote na wenzao. Kwa lugha nyepesi, siku mbili za nyumbani hazikuongeza kazi wala kuipunguza. Zilichofanya ni kuwazuia watu wasiondoke.

Mameneja 395 waliulizwa maoni kabla na baada. Kabla ya jaribio, kwa wastani walitarajia tija ishuke kwa asilimia 2.6. Baadaye walisema imepanda kwa asilimia moja. Kampuni iliruhusu utaratibu huo kwa wafanyakazi wake wote.

Thamani ya kumzuia mfanyakazi asiondoke inaweza kuonekana kwa hesabu rahisi. Chukua mfano wa kampuni ya watu 100 ambamo 50 huacha kazi kila mwaka, na kumpata mbadala wa kila mmoja hugharimu mishahara yake miwili ya mwezi. Hiyo ni mishahara 100 ya mwezi. Kwa kuwa kampuni hulipa mishahara 1,200 kwa mwaka, zaidi ya asilimia nane ya bajeti ya mishahara inapotea kwa kubadilisha watu tu. Wakiondoka 25 badala ya 50, nusu ya fedha hizo hubaki, na zinaweza kwenda kwenye gawio.

Gharama hiyo haina mstari wake katika hesabu za faida na hasara. Imejificha ndani ya mishahara, mafunzo na matangazo. Ndiyo maana wenye hisa wengi hawaioni mpaka faida iwe imeshuka.

Hekaya ya WeWork

Wakati Ctrip ikihesabu dakika za simu, kampuni moja ya New York ilikuwa ikiuza kitu kisichohesabika kirahisi: raha ya kuwa ofisini. WeWork ilianzishwa mwaka 2010 na Adam Neumann na Miguel McKelvey. Biashara yake ilikuwa kukodi majengo kwa muda mrefu, kuyapamba, kisha kuyapangisha meza kwa meza kwa muda mfupi. Wapangaji waliitwa wanachama, na jengo likaitwa jumuiya.

Mwaka 2018 ilipokopa fedha kwa kuuza hatifungani, kampuni hiyo iliwaonyesha wawekezaji kipimo chake yenyewe cha faida, kilichopewa jina la jumuiya. Kipimo hicho kiliacha nje gharama za kawaida kama vile masoko, utawala na usanifu wa majengo. Kwa kipimo hicho ilionekana kuwa na faida. Kwa kipimo cha kawaida, mwaka huohuo ilipata mapato ya takriban dola bilioni 1.8 na hasara ya takriban dola bilioni 1.9.

Januari 2019, kwa fedha za kampuni ya SoftBank ya Japani, WeWork ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Miezi michache baadaye ilitoa waraka wa kuomba kuuza hisa kwa umma, na wasomaji wa waraka huo wakakuta tarakimu nyingine inayokaribia sana hiyo: kodi ya pango iliyokuwa imeahidi kulipa miaka ijayo ilikuwa takriban dola bilioni 47. Mikataba yake na wenye majengo nchini Marekani ilikuwa ya wastani wa miaka 15. Mapato ambayo wapangaji wake walikuwa wameshayaahidi yalikuwa dola bilioni nne.

Uuzaji huo wa hisa ulishindikana na Neumann akajiuzulu ukurugenzi mkuu Septemba 2019. Kampuni iliingia soko la hisa la New York Oktoba 2021 kwa kuunganishwa na kampuni nyingine, lakini wakati huo wapangaji walikuwa wameonja kazi za nyumbani, wakati wenye majengo walikuwa bado wanadai pango la miaka 15. Novemba 2023 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ilipotoka humo Juni 2024 ilikuwa na wamiliki wapya na pango lililopunguzwa. Hisa za wawekezaji wa awali zilifutwa.

Somo lake si kwamba ofisi imekufa. Kupangisha meza kwa muda mfupi ni biashara ya kweli na inaendelea hadi leo katika miji mingi, ikiwemo ya Afrika Mashariki. Kilichoimaliza kampuni ile ni kuahidi kulipa kwa miaka 15 huku ikilipwa kwa miezi. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo aliyewahi kukopa bidhaa za siku 30 na kuzikopesha kwa siku 90 anaujua ugonjwa huo.

Nani anapoteza

Ofisi inapopungua, wa kwanza kuumia ni wale wasio kwenye orodha ya mishahara. Chukua mfano wa mama lishe anayeuza sahani 60 kwa siku kwa sh. 2,500 kila moja, siku tano kwa wiki. Mauzo yake ni sh. 750,000. Nusu ya wateja wake wakibaki nyumbani siku mbili kama ilivyokuwa Shanghai, sahani 300 za wiki zinakuwa 240 na mauzo yanashuka hadi sh. 600,000. Pango la kibanda na mshahara wa msaidizi havishuki. Asilimia 20 ya mauzo inaweza kuwa faida yake yote.

Wateja hao hawajaacha kula. Wanakula karibu na nyumbani kwao. Kwa hiyo biashara haifi, inahama. Mwenye genge au mgahawa wa Mbezi, Tegeta au Chanika anaweza kupata kile ambacho wa Posta na Samora amekipoteza.

Wa pili ni wenye majengo. Kwa Tanzania, miongoni mwao ni mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo kwa miaka mingi imejenga na kumiliki majengo makubwa ya ofisi Dar es Salaam. Kwa maana hiyo, hata mfanyakazi ambaye hajawahi kununua hisa ana fedha katika biashara ya ofisi kupitia makato yake ya kila mwezi. Biashara hiyo ilishapata mtikisiko kabla ya UVIKO-19: uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulianza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, na wizara zikaondoka Dar es Salaam zikiacha nafasi nyuma yao.

Wa tatu anaweza kuwa mfanyakazi mwenyewe. Akifanyia kazi nyumbani anaokoa nauli na saa za foleni, lakini umeme wa LUKU na bando la intaneti vinahama kutoka kwa mwajiri kuja kwake. Mwajiri anayeokoa pango bila kuchangia bando hajapunguza gharama. Amembebesha mtu mwingine. Aidha, nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wanne haina chumba tulivu, na hicho kilikuwa sharti la kwanza la mafanikio ya Shanghai.

Kuna pia suala la saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Ofisini, taa zikizimwa kazi imekwisha. Nyumbani, ujumbe wa simu wa saa nne usiku hauonekani kwenye daftari la mahudhurio, lakini kwa mfanyakazi ni kazi, na kwa kampuni unaweza kugeuka kuwa dai.

Mwenye hisa aangalie nini

Mwekezaji mdogo hawezi kuingia ofisini kwa kampuni kuangalia kama watu wana furaha. Anachoweza ni kusoma taarifa ya mwaka na kuhudhuria mkutano mkuu. Yapo mambo manne ya kuangalia.

Kwanza ni wangapi wameacha kazi katika mwaka, na katika idara zipi. Kampuni inayotoa tarakimu hii bila kulazimishwa kwa kawaida inaifuatilia. Inayosema tu kwamba wafanyakazi ni rasilimali muhimu bado haijasema kitu.

Pili ni madeni ya pango. Tangu Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16 kinazitaka kampuni kuweka sehemu kubwa ya mikataba ya pango katika mizania kama deni. Deni hilo lilinganishwe na urefu wa mikataba ya wateja. Ahadi ndefu za kulipa zikikutana na ahadi fupi za kulipwa, hatari iko hapo.

Tatu ni jina la faida. Kampuni ikianza kutangaza faida kwa kipimo ilichokibuni yenyewe, mwenye hisa ateremke hadi mstari wa faida baada ya kodi na aanzie hapo.

Nne ni utaratibu wa kupandisha vyeo. Kama wanaokaa nyumbani siku mbili hawapandi, wenye uwezo watauona mchezo na kurudi ofisini au kuhamia kwa mshindani, na faida yote ya kuwazuia wasiondoke itapotea.

Maswali haya manne yanaweza kuulizwa na mwenye hisa 100 kama anavyoweza kuyauliza mwenye hisa milioni moja, kwa kuwa katika mkutano mkuu wote wana haki ya kusimama. Ctrip ilipata majibu yake kwa kuhesabu tarehe za kuzaliwa na dakika za simu, kazi ambayo idara yoyote ya utumishi inaweza kuifanya kwa daftari na kalamu. Bodi ikisema hesabu hiyo haipo, mwenye hisa aulize itakuwepo lini, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.